Gawa Somo Bure, Uza Kisichopita Kwenye Simu



Kuna methali tunayoirudia mara nyingi katika mikutano yetu: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ni methali nzuri, lakini imefanya vikundi vingi vikae kitako vikingoja wanunuzi ambao hawaji. Tembea kutoka Chwele na Kimilili hadi Kiminini na Endebess. Si ajabu kukuta kitalu chenye miche mizuri ambayo imepita kimo cha kuuzwa, mizizi imetoboa karatasi na kuingia ardhini. Si kwamba miche ile ni mibaya. Aliye mbali hajui kwamba ipo. Aliye karibu huiona kila Jumapili akienda kanisani, lakini hajui itamfaa nini shambani mwake. Na wakati huo mkopo ambao kikundi kilichukua unadai kulipwa kila mwezi.

Vijana wetu wanasema dawa iko kwenye simu. Si uongo, ila mara nyingi dawa yenyewe inatumiwa vibaya. Katibu wa kikundi anapiga picha ya miche, anaandika, "Karibuni mnunue kwetu, bei nafuu," kisha anaitupa katika grupu zote za WhatsApp alizomo: ya kwaya, ya wazazi wa shule, hata ya kamati ya mazishi. Kesho anarudia. Kesho kutwa anarudia tena. Siku ya nne anatolewa kwenye grupu, na kikundi kimepata jina baya badala ya wateja.

Makala hii inaeleza njia nyingine. Ni njia ya kugawa somo bure, somo fupi lenye jina la kikundi, ambalo aliyelipata atataka mwenyewe kumtumia jirani yake.

TANGAZO NA SOMO NI VITU VIWILI

Tangazo linamwambia mtu, "Nipe pesa yako." Somo linamwambia, "Chukua hiki kikusaidie." Tangazo lina maana kwa yule tu anayetaka kununua leo. Asiyetaka kununua, na hao ndio wengi, hulifuta. Lakini somo la jinsi ya kupunguza kayongo katika mahindi lina maana kwa kila mwenye shamba, awe ananunua au hanunui. Atalihifadhi. Atampelekea shemeji yake wa Malakisi, naye shemeji atampelekea mwalimu wa shule. Hakuna mliyemlipa kati ya hao. Jina lenu limesafiri mbali bila nauli ya matatu.

Hapa ndipo mkutano huwa moto. Katibu kijana akitoa wazo hili, mama mmoja mwenye umri husimama na kusema: "Mwanangu, ujuzi huu tumeupata kwa jasho. Tukiutoa bure, kila mtu atajifanyia mwenyewe. Sasa sisi tutakula nini?"

Swali la mama huyo si la kuchekwa. Mtu akifundisha kazi yake yote, anabaki na nini cha kuuza? Tusijibu kwa maneno matupu. Tuangalie jambo lililotokea hapa hapa kwetu.

SOMO LA VUTA-SUKUMA

Katika miaka ya 1990 watafiti wa ICIPE katika kituo cha Mbita, wakiongozwa na Dkt. Zeyaur Khan, pamoja na wenzao wa KARI (ambayo leo ni KALRO) na wa Rothamsted kule Uingereza, walikuwa wakitafuta njia ya kumzuia bungua, yule mdudu anayetoboa bua la mahindi. Walitaka njia ambayo mkulima mdogo angeimudu bila kununua dawa kila msimu. Mwaka 1997 majaribio yalianza katika mashamba ya wakulima wenyewe, Suba na hapa Trans Nzoia.

Mbinu hiyo ni ya kuvuta na kusukuma. Desmodiamu hupandwa katikati ya mistari ya mahindi, na harufu yake humsukuma nondo wa bungua atoke. Nepia hupandwa kuzunguka shamba, nayo humvuta nondo aende akatage mayai huko, ambako wengi wa wadudu wachanga hufa. Kisha ikaonekana faida nyingine kubwa. Desmodiamu inazuia kayongo, ambayo wataalamu huita striga, lile gugu lenye maua ya zambarau linalonyonya mahindi kutoka kwenye mizizi. Mizizi ya desmodiamu hufanya mbegu ya kayongo iote, kisha ife kabla ya kushika mzizi wa mahindi. Watu wa Bungoma wanaoijua kayongo wataelewa hiyo ni habari ya namna gani.

Somo hili halikufungiwa sandukuni. Lilitolewa bure katika siku za wakulima, katika mabaraza, katika vijitabu na redioni, na wakulima waliolijua waliwafundisha majirani zao. Kama woga wa mama yule ungekuwa kweli, asingebaki mtu wa kununua chochote. Kilichotokea ni kinyume. Watu wengi walipoijua mbinu, mbegu ya desmodiamu ikawa adimu na ghali, hata upungufu wake ukawa kizuizi kikubwa cha mbinu kuenea. Somo lilikuwa tele. Kilichokosekana ni mbegu. Wakulima waliokuwa na desmodiamu shambani wakawa na kitu kipya cha kuuza, juu ya mahindi na majani ya ng'ombe.

Tulitazame jambo hili vizuri. Somo lilipita mkono kwa mkono bila kulipiwa. Lakini somo haliwezi kuota shambani. Anayetaka kupanda bado anahitaji mbegu au vipande vya kupanda, na anahitaji mtu wa kumwonyesha mstari wa kwanza. Basi kila kikundi kiandike maneno haya ukutani: gawa bure kile kinachoweza kupita kwenye simu; uza kile kisichoweza kupita.

Ni kweli, wachache watajifanyia wenyewe bila kununua kitu kwenu. Hao wasiwavunje moyo. Wengi wao hawangenunua hata kama mngenyamaza. Na mazao yao yakistawi, wakiulizwa wamejifunza wapi, watawataja ninyi. Wazee walisema kutoa ni moyo. Katika jambo hili, kutoa ni biashara pia.

WENGINE WALITANGULIA

Mbinu hii ni ya zamani kuliko simu. Mwaka 1895 kampuni ya Marekani ya John Deere, inayotengeneza plau, na baadaye matrekta, ilianzisha gazeti la wakulima liitwalo The Furrow, yaani mfuo wa plau. Gazeti hilo lilifundisha ukulima, na linatolewa hadi leo. Kule Ufaransa, mwaka 1900, ndugu wawili wa Michelin, watengenezaji wa matairi, waligawa bure kitabu cha kuwaonyesha wenye magari mahali pa kupata mafuta, fundi na kitanda cha kulala. Wakati huo magari katika Ufaransa nzima hayakufika 3,000. Lakini walijua kwamba mwenye gari akisafiri zaidi, matairi yataisha, naye atanunua mengine.

Hapa nyumbani, Kitale ndiko Kenya Seed Company ilikoanzishwa mwaka 1956, na mahindi chotara ya H611, yaliyotokana na utafiti wa Kitale, yalitolewa kwa wakulima mwaka 1964. Mbegu hiyo haikwenda peke yake. Ilifuatana na mashamba ya maonyesho ya kupanda mapema, kwa nafasi, na kwa mbolea. Miaka ya karibuni, gazeti la The Organic Farmer, lililoanza 2005, lilitumwa bure kwa vikundi vya wakulima, na kipindi cha televisheni cha Shamba Shape Up kilianza 2012 kwa mtindo huo huo wa kufundisha kwanza.

Kilichobadilika ni gharama. Zamani kugawa somo kulihitaji kiwanda cha kupiga chapa na gari la kusambaza. Leo kunahitaji simu moja ya kugusa, bando kidogo, na watu wanaojua kazi yao.

HATUA ZA KUFUATA

1. Chagueni swali moja ambalo watu huwauliza. Msianze na kile mnachotaka kuuza. Siku ya soko, mmoja wenu akae na daftari na aandike kila swali la mteja: "Mche huu unataka maji mara ngapi?" "Mbona wangu ulikauka?" "Ng'ombe akila hii, maziwa yataongezeka?" Baada ya masoko matatu mtakuwa na masomo ya mwaka mzima.

2. Toeni somo zima. Wapo wanaofundisha nusu, kisha wanasema, "Ukitaka kujua zaidi, piga simu." Msomaji hujiona amedanganywa, na hawezi kumpelekea mwenzake kitu kilichokatwa. Somo likamilike kiasi kwamba mtu akilifuata hivyo lilivyo, litamsaidia.

3. Liwe fupi. Maneno yasizidi ukurasa mmoja wa daftari. Ujumbe wa sauti usizidi dakika mbili. Video hula bando la mpokeaji, kwa hivyo picha tatu zilizopigwa vizuri mara nyingi zinatosha. Tumieni Kiswahili, na ikiwezekana mmoja wenu arekodi kwa Lubukusu au kwa Kisabaot. Mzee asiyesoma atasikiliza ujumbe wa sauti kwenye simu ya mjukuu wake. Kwa wenye simu za mulika mwizi, andikeni somo lile lile kwenye karatasi na kulibandika kanisani, kwa kinyozi na kwenye kinu cha kusagia.

4. Jina liwe ndani ya picha. Hili ni jambo dogo lakini wengi hulikosea. Ukiandika namba ya simu chini ya picha, mtu akihifadhi picha na kuituma kwingine, maneno yale hubaki nyuma. Picha imefika Webuye, lakini hakuna anayejua ilitoka wapi. Andikeni jina la kikundi, kijiji na namba kwenye kibao, mkiweke kibao hicho katikati ya miche kabla ya kupiga picha. Wenye kujua wanaweza kuandika juu ya picha kwa simu yenyewe.

5. Namba iwe ya kikundi. Vikundi vingi hutumia namba ya katibu. Kisha katibu anapata kazi Nairobi, au anakosana na mwenyekiti, anaondoka na wateja wote ndani ya mfuko wake. Nunueni laini ya kikundi, na kumbukumbu zake zitunzwe na watu watatu kama mnavyotunza kitabu cha benki. WhatsApp Business, iliyoanza 2018, haina malipo, nayo inawaruhusu kupanga picha za bidhaa na bei mahali pamoja.

6. Andikeni ruhusa. Chini ya kila somo wekeni maneno haya: "Ruhusa kusambaza bila kubadilisha." Mtu mwaminifu huogopa kutuma kitu cha wenyewe. Mkimpa ruhusa, anakuwa msambazaji wenu.

7. Fuateni kalenda ya shamba. Somo la kupanda likitoka wakati watu wanavuna, limepotea. Kitale wengi hupanda mahindi mvua za Machi na Aprili na kuvuna mwisho wa mwaka. Sehemu nyingi za Bungoma zina msimu wa pili kuanzia Agosti. Somo litoke mwezi mmoja kabla ya kazi yenyewe, ili mtu apate nafasi ya kutafuta pesa na kuja kununua. Somo moja kwa wiki linatosha.

8. Mpelekeeni mtu mnayemjua. Tangu 2019 WhatsApp hairuhusu ujumbe kupitishwa kwa zaidi ya watu au grupu tano kwa mara moja, na tangu Aprili 2020 ujumbe uliokwisha kupita mikono mingi hupitishwa kwa mmoja mmoja tu. Kwa hivyo msitegemee kurusha kitu kimoja kila mahali. Kila mwanakikundi achague watu watano ambao somo hilo litawafaa kweli, na awatumie kwa salamu: "Shemeji, nilikumbuka shida ya shamba lako, ona hii." Katika grupu za watu wengine, mwombeni ruhusa msimamizi kwanza. Kwenye stetasi kumbukeni ujumbe hukaa saa 24 tu. Kwenye ukurasa wa Facebook hubaki na mtu anaweza kuutafuta baadaye.

MFANO WA SOMO

Tuseme kikundi kinauza vipande vya brakiaria na vya desmodiamu. Somo lake laweza kuwa hivi:

"KAYONGO INAKULA MAHINDI YAKO? JARIBU HIVI. Pima kipande cha shamba kisichozidi mita 50 kwa 50. Panda mistari mitatu ya nepia au brakiaria kukizunguka. Acha nafasi ya mita moja, kisha anza mahindi, mistari iachane sentimita 75. Mvua ikianza, chora mfuo mwembamba katikati ya mistari ya mahindi. Changanya kiganja kimoja cha mbegu ya desmodiamu na viganja viwili vya mchanga mkavu laini, umwage ndani ya mfuo. Funika kwa udongo kidogo sana, kwani mbegu hii ni ndogo mno. Palilia wiki ya tatu na wiki ya tano, ukitumia mkono karibu na desmodiamu ili usiing'oe. Usitarajie kayongo iishe msimu wa kwanza. Hupungua msimu baada ya msimu. Desmodiamu haipandwi upya kila mwaka. Ikate kabla ya kupanda mahindi, uwape ng'ombe. Tunavyo vipande vya brakiaria na desmodiamu. Shamba letu liko wazi kila Jumamosi kwa anayetaka kuona kwa macho. (Jina la kikundi, kijiji, simu, mwezi na mwaka.) Ruhusa kusambaza bila kubadilisha."

Angalieni mambo matatu. Kwanza, hakuna siri iliyofichwa. Pili, somo linasema ukweli hata pale usipopendeza: kayongo haiishi kwa msimu mmoja. Ukweli huo utawalinda, kwa sababu mteja hatarudi mwaka ujao akilalamika. Tatu, kuuza kumechukua sentensi moja tu, na inayofuata inamkaribisha mtu aje aone. Mgeni akifika shambani, kazi ya simu imekwisha. Hapo methali yetu inarudi kuwa kweli: kizuri kitajiuza.

Mteja akipiga simu, apokewe kwa heshima na aambiwe bei moja, ile ile aliyoambiwa mwenzake. Na pesa zipokelewe kwa njia inayoonyesha jina la kikundi. Siku hizi anayelipa kwa M-Pesa huona jina la mpokeaji kabla ya kuthibitisha. Akiona jina la mtu asiyemjua, anasita, na ana sababu ya kusita. Kikundi chenye cheti cha usajili kiulizie jinsi ya kupata namba ya kulipia kwa jina lake.

KILA BIASHARA INA SOMO LAKE

Msiseme mambo haya ni ya wenye vitalu peke yao.

Wanaouza mboga za kienyeji wanaweza kufundisha jinsi ya kupunguza uchungu wa saga na managu kwa maziwa, au jinsi ya kuchanganya mrenda na kunde. Vijana wengi wa mjini wanapenda mboga hizi lakini hawajui kuzipika. Wanaogopa kununua kwa sababu hiyo tu.

Warina asali wa upande wa Mlima Elgon wana somo kubwa. Wanunuzi wengi hudhani asali ikiganda imetiwa sukari. Si kweli. Asali safi pia huganda, na ukiweka chupa ndani ya maji ya uvuguvugu itayeyuka. Wengine huamini kwamba njiti ya kiberiti ikichovywa katika asali na kuwaka, asali hiyo ni halisi. Jaribio hilo halithibitishi kitu. Kikundi kitakachoeleza mambo haya kwa upole kitajulikana kwamba kinaijua asali.

Mama wa cherehani anaweza kufundisha jinsi ya kumpima mtoto sare na kuacha pindo la kufumuliwa mtoto akirefuka. Wafugaji wa kuku wanaweza kufundisha jinsi ya kuwapa vifaranga joto wiki ya kwanza, na umuhimu wa chanjo ya kideri. Fundi wa majiko aeleze jinsi ya kukausha kuni ili zisitoe moshi. Jiulizeni tu: mteja wetu anasumbuliwa na nini hata kabla hajafika kwetu?

TAHADHARI

Somo la uongo ni dhambi na ni hasara. Mtu akifuata somo lenu na kupoteza msimu, watoto wake watakosa unga, na jina lililoandikwa kwenye picha ni lenu. Viwavijeshi vamizi walipoingia nchini mwaka 2017, watu walipitishiana kwenye simu dawa za kila namna, za majivu, za sabuni, za pilipili, nyingine hazijawahi kupimwa na mtu. Msisambaze jambo ambalo hamjalifanya wenyewe. Mkiwa na shaka, mwulizeni afisa wa kilimo wa wadi au wataalamu wa KALRO Kitale kabla ya kulituma. Mkigundua mmekosea, tumeni masahihisho kwa watu wale wale. Si aibu.

Msichukue picha za wengine. Picha ya shamba zuri uliyoiokota kwenye intaneti ina mwenyewe, na Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inamlinda. Tena mteja akija akakuta shamba lisilofanana na picha, hatanunua, na atawaambia wengine. Miche yenu midogo iliyopigwa picha ya kweli ni bora kuliko msitu wa kuazima. Vile vile mkitumia maneno ya kijitabu cha watu, ombeni ruhusa na mtaje mlikoyapata.

Picha ya mtu ni ya mtu. Msimpige mteja picha na kuisambaza bila yeye kukubali, na picha ya mtoto isitumike bila idhini ya mzazi. Namba za simu za wateja zisigawiwe ovyo. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 kuhusu mambo haya.

Mbegu zina sheria zake. Kabla kikundi hakijaanza kuuza mbegu za aina yoyote, kiulize KEPHIS, ambao wana ofisi Kitale. Ni afadhali kupoteza siku moja kuuliza kuliko kuingia katika kesi.

Jihadharini na wakora. Atakuja mtu aseme, "Nipeni pesa niwaletee wafuasi elfu kumi." Wafuasi wa kununua hawanunui miche. Mwingine atapiga simu akitaka ile namba ya siri iliyotumwa na WhatsApp. Ukimpa, amechukua akaunti yenu na ataanza kuwaomba wateja wenu pesa kwa jina la kikundi. Namba hiyo haipewi mtu yeyote.

PIMENI KWA DAFTARI

Mweka hazina ana haki ya kuuliza: "Bando hili linatuletea nini?" Mjibuni kwa hesabu. Kila mteja akija, aulizwe swali moja: "Umetusikia wapi?" Jibu liandikwe katika daftari lenye safu nne: tarehe, mahali anakotoka, alikotusikia, na kiasi alichonunua.

Tuchukue mfano. Kikundi kina watu 20, na kila mmoja anatoa shilingi 10 kwa wiki kwa ajili ya bando. Hizo ni shilingi 200 kwa wiki. Kwa wiki 13, yaani miezi mitatu hivi, ni shilingi 2,600. Basi mwisho wa miezi mitatu fungueni daftari. Je, faida kutoka kwa wateja waliosema "kwenye simu" inazidi shilingi 2,600? Ikizidi, endeleeni. Isipozidi, angalieni ni somo gani lilileta watu na lipi halikuleta, mrekebishe. Msihesabu wangapi walisema "asante" au walibonyeza alama ya kupenda. Mkopo haulipwi kwa alama ya kupenda.

Lakini msikate tamaa mapema. Mtu anaweza kulihifadhi somo lenu tangu Februari na kuja kununua Aprili mwaka wa pili, baada ya kuuza ndama. Mpanzi wa ule mfano tunaousikia kanisani alitupa mbegu njiani, mwambani na kwenye miiba, na bado udongo mzuri ukamrudishia. Aliyefunga mbegu zake guniani kwa kuogopa njia na miiba hana cha kuvuna.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA MKUTANO UJAO

1. Ni maswali gani matatu ambayo wateja wetu huuliza mara nyingi zaidi?

2. Katika kazi yetu, ni kitu gani kinaweza kupita kwenye simu, na ni kitu gani hakiwezi?

3. Namba ya simu tunayotumia ni ya kikundi au ni ya mtu? Akiondoka kesho, tutabaki na nini?

4. Nani kati yetu ana sauti nzuri ya kurekodi, nani ana mkono mzuri wa kupiga picha, na nani atahakikisha kwamba tunachosema ni kweli?

5. Somo letu la kwanza litakuwa lipi, na litatoka tarehe gani?

Msifunge mkutano kabla ya kulijibu swali la tano. Mungu aibariki kazi ya mikono yenu.